Kinanda Kilichopakwa Mafuta

Kinanda changu cha zamani kilikuwa kinaumiza watu. Sitanii. Mtu akisikia wewe ni mpiga kinanda anawaza vidole laini na suruali iliyopigwa pasi. Hawazi sanduku la mbao lenye kona za chuma, refu kama mlango, likipita vichochoro vya Lindi, hapa Kibera, ambako watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kuna jamaa nilimpasua mdomo na hizo kona. Alikuwa amesimama nje anapiga mswaki, mimi nikakata kona na mzigo begani, mswaki ukazama. Alitema povu na damu, halafu akanizaba kofi. Nikamwambia pole. Akanizaba la pili. Hapo nikautua mzigo nikamrudishia, tukagaragazana kwenye mtaro mpaka mama mmoja aliyekuwa akifua akatumwagia beseni zima la maji ya sabuni. Nilifika kazini nikinuka mtaro, nikapiga mapambio na jicho moja limefura.

Ndiyo maisha ya vyombo. Mwimbaji hubeba sauti yake kooni, anakwenda. Mpiga gitaa analitia mgongoni. Mimi nilikuwa na kinanda cha aina ile ya zamani ambayo vitufe vyake ni vya mbao na ndani mna vyuma, na juu ya hicho nina amplifaya, stendi na mfuko wa waya. Nilikipata kwenye bendi moja ya hotelini iliyovunjika siku mwimbaji na mpiga ngoma walipokatana kwa chupa jukwaani. Wenzangu waligawana spika na maikrofoni. Kinanda nikaachiwa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukiinua. Lakini kilikuwa na sauti, bwana. Ukigusa besi mabati ya kanisa yanatetemeka, na mama aliyekuja na shida zake anaanza kulia kabla pasta hajafungua mdomo. Nilikipenda. Nilikipenda kuliko nilivyopenda watu wengi, na sioni haya kusema.

Makanga wa matatu akiona lile sanduku anapiga bodi gari liende. Boda mmoja alikubali kunibeba, akakilaza katikati yetu kimetokeza huku na huku, tukafika geti moja la mtaa wa Ayany tukamfagia mlinzi miguu yote miwili. Mlinzi aliamka na rungu. Boda akatoroka na pikipiki yake, mimi nikabaki na mlinzi, rungu na kinanda, na hayo ya rungu nitayaruka.

Nikiwa bado nimekaa juu ya sanduku hapo Ayany, nikitukana kila mtu aliyewahi kutengeneza kinanda, ndipo mzee alipopita. Alikuwa mtu wa Kitui, anaishi Sarang'ombe na mkewe, na alikuwa amebeba magunia ya viazi sokoni miaka mingi mpaka shingo ikawa nene kuliko kichwa. Alinitazama akacheka.

"Mwalimu, hiyo mzigo hubebi. Unapigana nayo."

Sijui alijuaje kwamba watu huniita mwalimu, labda alinisikia kanisa fulani. Akatoa kamba yake, akaipitisha chini ya sanduku, akaweka kipande cha gunia kwenye paji la uso ili kamba isimkate, akachuchumaa, akainuka nalo. Hivyo tu. Akaanza kwenda bila hata kuniuliza naelekea wapi, ikabidi nimkimbilie.

Tangu siku hiyo yeye alibeba kinanda, mimi nikabeba yaliyobaki. Muziki wenyewe hakuujali. Alisema kinanda changu kinalia kama mbuzi anayenyongwa, na kwao ngoma ni ngoma na filimbi, mambo ya stima ni ya watu wavivu. Mimi nina hasira za karibu, yeye alikuwa na mdomo, kwa hivyo tuligombana njia nzima kutoka Lindi mpaka popote tulipoitwa. Asubuhi moja kando ya Ngong Road wakora wawili walitukaba. Mmoja alinichapa ngumi ya mbavu akitafuta simu. Mzee hakuutua mzigo. Alizunguka mara moja tu, sanduku likamchota yule mwingine upande wa kichwa, akalala barabarani hajui kilichompiga. Wa simu akachomoka mbio. Mzee akakohoa, akarekebisha kamba kwenye paji lake, akasema, "Twende, utachelewa."

Jumapili tulikuwa tunakwenda Kawangware. Kanisa lilikuwa nyuma ya soko, la mabati, limebanwa kati ya bucha na gereji ya pikipiki. Mzee hakuingia hata siku moja. Alinikabidhi kinanda mlangoni, akavuka kichochoro kwenda kwa mama mmoja wa mandazi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinywa chai mpaka nimalize. Nikimaliza nilikibeba mwenyewe mpaka nje, yeye akakipokea, tukarudi Kibera tukigombana. Mama wa mandazi alimzoea. Ndani ya kanisa hakuna aliyemjua.

Shida ilianzia kwenye ndoto. Dada mmoja wa kikundi cha maombi aliota kinanda kinatoa nyoka. Nyoka hao walikuwa na asili yao: shemeji yake alikuwa ameniona Jumamosi nikipiga kinanda hicho hicho kwenye baa, watu wakicheza wamekumbatiana. Sasa mimi ningekula nini? Kanisa ni Jumapili, tumbo ni kila siku. Lakini ndoto ilisambaa, na wiki iliyofuata watu walikuwa wanakitazama kinanda changu kwa jicho la pembeni. Pasta akaniita. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na viatu visivyoshika matope, sijui alikuwa akikanyagia wapi.

"Mwalimu, usijali," akaniambia. "Hiki chombo tutakiombea mbele ya watu, mambo yaishe."

Nikasema sawa. Kuombewa kuna ubaya gani? Nimeona watu wakiombea pikipiki, vyerehani, hata friji ya soda. Siku ya siku akakisogeza mbele, watu wote wakanyoosha mikono, naye akachukua chupa ya mafuta akaanza kuyamimina. Mimi nilidhani atachovya kidole. Wapi! Alimimina kama anayekaanga viazi. Akasema kwenye maikrofoni, "Kuanzia leo hiki ni chombo cha Bwana. Mkono wa adui hautakitoa katika nyumba hii." Kanisa zima likasema amina. Hata mimi nilisema amina, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mfereji wa mafuta unaoingia katikati ya vitufe. Maneno sikuyawaza. Nilikuwa nawaza mafuta.

Nilikesha na hasira, na asubuhi nikakaa kizingitini kwangu Lindi na pamba na spiriti nikitoa kitufe kimoja kimoja. Mama mwenye nyumba akanikuta. Ni Mnubi, amezaliwa Kibera na mama yake akazaliwa Kibera, na hakuna jambo la ploti linalompita. Akauliza nafanya nini, nikamweleza, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Umekipeana mbele ya watu, halafu umerudi nacho nyumbani?"

"Sikukipeana, mama. Kiliombewa tu."

"Hiyo unajua wewe. Wao je?" Akakishika kitufe kimoja, akakinusa. "Kwetu ukisema mbele ya msikiti kitu ni cha Mungu, hata mtoto wako hakigusi tena. Nimeona panga zikitoka hapa kwa ajili ya kiwanja, kwa neno moja la namna hiyo."

Nikamwambia hiyo ilikuwa ardhi, hii ni kinanda. Akasema haya, shauri yangu, akaenda zake. Na kweli, Jumapili zilizofuata nilipokuwa nikikibeba kwenda nje watu walinitabasamia kuliko zamani. Mzee mmoja wa kanisa alinipigapiga mgongo akasema Mungu anibariki kwa kukilinda chombo nyumbani kwangu, maana mabati ya kanisa yalikuwa yamewahi kukatwa na wezi. Nikadhani ni maneno ya upole tu. Nani angedhani vingine? Kinanda kilikuwa changu, pasta alijua ni changu, alikuja kunitafuta hotelini kwa sababu ya kinanda hicho.

Sasa Jumapili yenyewe. Mchana tulikuwa na harusi ya watu wa Machakos huko Ayany, na njia ni ndefu ukiwa na mzigo. Ibada ya kwanza ilipokwisha nilikuwa nakunja waya, pasta akaniita kwenye kile chumba chake cha mbao nyembamba nyuma ya madhabahu. Alitaka nibaki ibada ya pili, kuna mhubiri mgeni. Nikamwambia nina harusi. Akasema kazi ya Mungu kwanza. Nikamwambia Mungu mwenyewe alihudhuria harusi. Akapandisha, nikapandisha. Tulikuwa tunazozana hivyo huku mimi nikisahau kwamba kuna mtu nje anayetazama jua.

Mzee alitazama jua akaona nachelewa. Kwa hivyo, kwa mara ya kwanza, aliingia kanisani. Aliingia kwa mlango wa pembeni na kamba yake begani, akafunga sanduku, akalifunga kamba, akainuka nalo, akatoka. Watu wa ibada ya kwanza walikuwa wameshaondoka. Wa ibada ya pili ndio walikuwa wanaingia, na walichokiona ni mtu wasiyemjua, koti limeraruka, ametoka mbio mbio na chombo cha Bwana mgongoni.

Nililisikia neno lile nikiwa ndani kwa pasta. Ukikaa mitaa yetu unajua neno mwizi lina sauti zake. Kuna lile la simu, fupi, linakimbia na kupotea. Hili halikukimbia. Lilisimama mahali pamoja likaanza kunenepa.

Nilitoka. Sikuona mtu, niliona migongo. Migongo ya suti, migongo ya vitenge vya Jumapili, migongo ya mafundi wa gereji wenye ovaroli, hata mtu wa bucha na aproni yake. Katikati ya migongo kulikuwa na ile sauti ya kiatu kinapoingia kwenye mwili, na ukishaisikia huisahau, hata ukipiga kinanda miaka mia. Nikajipenyeza kwa viwiko. Mzee alikuwa chini kwenye matope, wamemfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa amekanyaga kichwa chake, anakishikilia hapo kwa utulivu huku wengine wakifanya kazi. Mwingine alikuwa na mnyororo wa pikipiki. Mwingine ubao wenye msumari. Mwenye kijora cha maua, mama mtu mzima ambaye kila Jumapili huniletea maji ya kunywa, alikuwa anapiga mbavu kwa kiatu cha kisigino alichokivua. Uso wa mzee ulikuwa umeshapoteza umbo.

"Ni changu," nikapiga kelele. "Kinanda ni changu. Huyo ni mtu wangu."

"Ati mtu wake!" mmoja akasema. "Kumbe wako wengi."

Mnyororo ukanipata mgongoni. Nilianguka magoti, nikashika miguu ya mtu nikamng'ata paja kupitia suruali. Nasema nilivyofanya. Nilimng'ata mpaka nikahisi nyama. Akapiga yowe, nikapigwa teke la sikio, nikainuka tena. Mafundi walikuwa wameleta tairi kutoka gereji. Tairi kuukuu la pikipiki, jembamba, na mmoja wao alikuwa analijaribu kama litaingia shingoni. Petroli haikuwa mbali, gereji ilikuwa hapo hapo.

Ndipo nikamwona pasta. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, saruji iliyoinuliwa kidogo, na maikrofoni mkononi. Spika zilikuwa zimeelekezwa nje kuwaita watu wa ibada ya pili. Neno lake moja lingefika mpaka sokoni.

"Pasta, waambie," nikamlilia. "Waambie ni changu."

Alinitazama. Najua aliniona, macho yetu yalikutana. Akainua maikrofoni. Umati ulipoona ameinua maikrofoni ukatulia kidogo, hata yule wa mnyororo akashusha mkono, na mimi nikamshukuru Mungu moyoni.

"Wapendwa," pasta akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Wapendwa, si hapa. Msimwage damu mbele ya nyumba ya Bwana."

Walimwelewa. Walianza kumburuta kuelekea mtoni.

Nimeambiwa tangu hapo kwamba pasta aliogopa, kwamba alikuwa amewaambia watu kinanda kimekuja kwa maombi na angeonekana mwongo, kwamba hata yeye angepigwa. Inawezekana. Sijali. Nilimchukia siku hiyo na namchukia ninapoandika haya, na kama kuna dhambi hapo ni yangu, nitaibeba mwenyewe.

Wahudumu wawili wa kanisa, wale wanaopokea watu mlangoni na kitambaa kifuani, walikuwa wamekitoa kinanda kwenye sanduku na wanakirudisha ndani, mmoja huku mmoja kule, polepole, kwa heshima zote. Sikuwaza. Watu huniuliza uliwaza nini, na mimi nawaambia sikuwaza chochote. Nilimsukuma wa nyuma akaanguka, nikakishika kinanda upande ule wa besi kwa mikono miwili, na kile kitu kilichonitesa kukibeba miaka yote kikainuka kama fagio. Nilimkimbilia yule wa tairi. Nilimpiga nacho begani na nikasikia mfupa. Tairi likaanguka. Nikamgeukia wa mnyororo, akaruka nyuma, nikakikosa kichwa chake kidogo tu, na namshukuru Mungu nilikikosa kwa sababu nilikuwa nimekikusudia.

Kinanda kilikuwa kimepasuka katikati. Sikuishia hapo. Nilirudi mpaka kwenye ngazi za saruji, miguuni pa pasta, nikakipiga hapo. Nikakipiga tena. Nikakipiga mpaka vitufe vikatapakaa, vyeupe na vyeusi, na vile vyuma vya ndani vikaviringika kwenye matope, na ile mbao ya ndani, ambayo nilikuwa naijua harufu yake, ikatoka nje ikiwa safi kabisa. Nilikuwa nalia kwa sauti, makamasi na damu, wala si huzuni. Ilikuwa hasira tupu.

"Amevunja chombo cha Bwana," mtu akasema, nyuma huko.

"Changu," nikasema. "Nimevunja changu. Nani ana swali?"

Waliniangalia mimi, wakaangalia vitufe, na unaweza kuona akili ikirudi kwenye nyuso zao mmoja mmoja, pole pole, kama stima inavyorudi mtaani. Lakini wale waliokuwa mbele, wanaomburuta mzee, walikuwa hawajaona. Wao aliwasimamisha mama wa mandazi. Alikuwa ametoka kibandani kwake na karai la mafuta ya moto, amelishika kwa matambara, mafuta bado yanachemka, akasimama katikati ya kichochoro wanakotaka kupita.

"Huyu hunywa chai kwangu kila Jumapili akingoja yule mwalimu," akawaambia. "Mwizi gani huyo anangoja mwenyewe? Anayetaka kupita na yeye apite. Mafuta hii ninayo ya kutosha."

Walimwachia hapo hapo. Mikono iliyokuwa inapiga ikaanza kufuta matope kwenye suti. Mmoja, kijana wa watu mwenye tai, akanijia akaniuliza, kwa upole kabisa, "Lakini mwalimu, mbona hukusema?" Nilimtemea damu kwenye shati. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mtu wa maji alipindua mitungi yake, akatuachia mkokoteni. Tulimlaza mzee juu yake, mimi nikashika mbele, mama wa mandazi akasukuma nyuma, tukapita katikati ya soko la Kawangware watu wakitupisha wenyewe. Nimebeba vitu vingi katika kazi hii, sijawahi kubeba kitu nikiwa na woga kama ule. Kila gurudumu likigonga jiwe mzee alitoa sauti ndogo, na mimi nilikuwa naogopa sauti hiyo na naogopa zaidi isipotoka.

Tukiwa tunasukuma, mama akaniambia alichokiona. Hakuniambia kwa ubaya, alikuwa anahema tu na maneno yanatoka.

"Angetoroka. Watu wa boda walimwambia kimbia mzee, wanakuja. Kichochoro kilikuwa wazi. Mimi mwenyewe nilimwambia. Lakini alikuwa na hiyo kitu yako mgongoni, akaanza kuchuchumaa. Anatafuta mahali pakavu pa kuiweka. Ameinama hivi, anaishusha pole pole isigonge mawe. Hapo ndipo walimfikia."

Nilivuta mkokoteni.

Hospitalini walisema taya, mbavu, na jicho la kushoto hawaahidi kitu. Mkewe alikuja kutoka Sarang'ombe na leso ya kulalia na chupa ya chai, akakaa kando ya kitanda, na hakuniuliza chochote. Ningependelea anitukane. Polisi walikuja wakatazama, wakaenda. Muziki wa harusi ya Ayany ulipigwa na mtu mwingine. Katikati ya wiki pasta alinitumia ujumbe kwamba kanisa limekaa, limeomba, na limenisamehe kwa kuvunja chombo. Nilimjibu maneno ambayo hayaandikiki hapa, nikazima simu.

Nilikwenda kumwona mzee kila siku. Mwanzoni alikuwa hajui ni nani yupo. Homa ilimshika, akawa anaongea Kikamba na watu ambao mkewe alisema wamekufa zamani, na daktari akatuambia tujitayarishe kwa lolote. Nilikaa pale nikimwambia Mungu mambo mengi, mengine ya vitisho. Halafu asubuhi moja nikafika, nikamkuta ameinuliwa kwenye mto, mkewe anamlisha uji kwa kijiko kidogo, na lile jicho zima limefunguka na linanifuata kutoka mlangoni.

"Mwalimu," akasema. Taya lilikuwa bado limevimba, ilibidi niiname.

"Niko hapa, mzee."

"Kinanda?"

Mkewe akanitazama juu ya kile kijiko, akatikisa kichwa pole pole, yaani nisiseme. Ningeweza kumwambia kiko salama nyumbani. Ni uongo mdogo, mtu wa kawaida angeusema. Lakini yule mtu alikuwa ananitazama na jicho moja, na mimi uongo haunikai usoni, angeuona.

"Kilivunjika, mzee."

"Nani amevunja?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ili wakuache. Hawakuwa wanasikia. Nikakivunja mbele yao ndipo wakakuacha."

Alimeza uji uliokuwa mdomoni. Mimi nilikuwa nangoja. Naona aibu kuandika, lakini nilikuwa nangoja aseme asante.

"Waliniambia kimbia," akasema.

"Najua. Mama wa mandazi alinieleza."

"Miguu ilikuwa mizima."

"Najua, mzee."

Mkewe alikuwa ameshusha kijiko. Mzee alinitazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira, nazijua. Kisha akageuza uso wake ukutani, taratibu, kwa sababu ya mbavu.

"Ningekitupa," akasema. "Ningekitupa hapo hapo, mwalimu, niende kwangu."